Nimepungua kilo 22 mara mbili na zote zimerudi, sasa nina kichupa kwenye friji

Dada Nesi shikamoo,

Naandika hii saa nane usiku, usingizi umekata na hakuna mtu wa karibu ninayeweza kumwambia haya. Nina miaka 41, watoto wawili, urefu wangu sentimita 162 na leo asubuhi mizani imesoma kilo 104. Hiyo namba hata mume wangu haijui, wewe ndo wa kwanza.

Mara ya kwanza kupungua nilikuwa na miaka 34. Nilikuwa na kilo 96, nikafanya dayati kali, natembea asubuhi na jioni, nahesabu kila tonge, nikafika 74. Nilisifiwa mpaka basi, watu wakawa wananiomba siri. Ndani ya mwaka na nusu nikawa 99, na sikumbuki siku niliyoamua kuacha dada, nilikuwa bado najinyima ila njaa niliyokuwa nayo si njaa ya kawaida, nilikuwa nawaza chakula nikiwa kazini, nikiwa kwenye ibada, mtu anaongea na mimi namuitikia huku kichwani nawaza nitakula nini nikitoka hapa. Mara ya pili nilijiunga na jimu nikatoka 101 mpaka 79. Zimerudi zote na tatu za nyongeza. Mama yangu ni mnene, mama zangu wadogo wote wanene, sasa sijui ni laana ya ukoo au ni uvivu wetu.

Miaka miwili iliyopita nilienda kliniki kwa ajili ya goti. Aliyenipima presha alinifunga ule mkanda ukaachia, akaukaza ukaachia tena, mara ya tatu akaushikilia kwa mkono wake ndo ikasoma, akasema presha iko juu mno. Daktari hakuligusa goti langu. Hakuinua hata macho, akasema mama funga mdomo, goti litapona lenyewe, akaniandikia dawa ya presha nikatoka. Nilikaa kwenye gari nikalia mpaka kioo kikaingia ukungu. Dawa nilikunywa mwezi mmoja nikaacha, na sijakanyaga hospitali tena mpaka leo. Dawa nyingine situmii, zaidi ya sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ambayo nachoma tangu mtoto wa pili.

Mume wangu si mtu mbaya lakini ananirekodi nikikoroma halafu anawachezea ndugu zake, wanacheka. Na mimi nacheka nao. Asubuhi naamka kichwa kinauma, mchana nasinzia kwenye vikao.

Sasa kuna mwenzangu kazini amepungua sana, akaniingiza kwenye grupu moja wanauza sindano za kupunguza mwili. Nikaagiza. Kimekuja kichupa kidogo kina unga mweupe, hakina jina la kiwanda, hakina tarehe, wananielekeza kwa voisi noti nichanganye na maji waliyonitumia nivute mistari kumi ya bomba nichome tumboni kila Jumapili. Nimekificha kwenye friji nyuma kabisa. Nilimgusia mume wangu habari za hizo sindano bila kumwambia nimenunua, akasema ni za wavivu, mwili unaopungua bila jasho ni wa kuazima, ukiacha unarudi.

Naomba unijibu ukweli. Nichome? Ni kweli nikiacha zitarudi, kwa hiyo ndo nichome mpaka nife? Na hili la mwisho ndo linaniuma zaidi, hivi tatizo ni mimi? Maana nimefanya kila kitu nilichoambiwa, mara mbili, na niko pale pale.

Niliyechoka na Mizani

*

Marahaba mdogo wangu.

Hicho kichupa usikichome. Nimetanguliza hilo hata kabla ya pole kwa sababu kama umesoma mstari mmoja tu halafu mtoto akakuita, nataka uwe umesoma huo. Sikatai sindano, nitakuja kuzisifia huko chini na nitazisifia sana. Nakataa hiyo uliyonayo, kwa kuwa wewe hujui ndani mna nini na mimi sijui, na yule wa voisi noti naamini naye hajui. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutaidi (moja ya dawa za kweli zilizomo kwenye hizi sindano za kupunguza mwili) za bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, hizo ni bandia zilizokuwa na boksi na jina la Ozempic kabisa, jina ambalo semaglutaidi inauzwa nalo, sembuse kichupa kisicho na jina. Wasiwasi mmoja mkubwa kwenye tahadhari ile ulikuwa kwamba bandia inaweza kuwa na kitu kingine ndani, mfano insulini. Mtu asiye na kisukari akijichoma insulini bila kujua sukari inashuka, anatetemeka, jasho, anapoteza fahamu, na nyumbani hakuna anayejua amejichoma nini kwa sababu alikificha nyuma ya friji. Unaona kwa nini nimeshtuka?

Halafu hiyo mistari kumi. Mistari kumi ya nini? Inategemea unga ulikuwa kiasi gani na maji umeweka kiasi gani, mstari huo huo unaweza kuwa dozi ndogo au dozi mara kumi. Mwezi Julai 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu watu waliokuwa wanajivutia wenyewe semaglutaidi kutoka kwenye vichupa, wengine walijichoma mara 5 mpaka mara 20 ya dozi waliyotakiwa, wakaishia kulazwa kwa kutapika. Dawa ya kweli inaanza kidogo mno, miligramu 0.25 kwa wiki, kila wiki nne inapanda kidogo, mpaka kufika 2.4 ni kama miezi minne. Kile kipindi cha kupanda polepole ndo kinaufanya mwili uzoee. Kwa hiyo kichupa kipeleke famasi waambie unataka kiharibiwe, usikitupe kwenye takataka watoto wakakiokota. Na pesa iliyokwenda imekwenda, pole kwa hilo.

Sasa pole yenyewe. Nimesoma barua yako mara tatu na pale kwenye gari nimeishia kukaa kimya. Nimekuwa nesi miaka mingi na nimewaona wanawake wengi waliotoka chumba cha daktari hivyo hivyo, wengine hawakurudi mpaka walipoletwa na machela. Wewe umerudi kwa kuandika, tushukuru.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu mengine yote yanategemea hilo. Hapana, tatizo si wewe. Na sikwambii ili nikufariji, nakwambia kwa kuwa hicho kilichokupata kimepimwa kwa watu wengine na kikaonekana. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake pale New York waligundua homoni inaitwa leptini, inatengenezwa na mafuta ya mwili wenyewe, kazi yake ni kuupa ubongo taarifa kwamba akiba ipo. Ukipungua kilo 22 mafuta yamepungua, leptini inashuka, na ubongo haujui kwamba umefanya dayati ili upendeze au goti lipumue, ubongo unachojua ni kwamba kuna njaa imeingia na huyu mtu atakufa. Basi unaanza kukuokoa. Unaongeza njaa, unapunguza moto wa mwili, unakufanya chakula ukione na kukinusa kuliko mwanzo. Ile hali ya kumuitikia mtu huku unawaza chakula, ndo hiyo.

Na inadumu, hapa ndo watu wengi hawaelewi. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne waliwapunguza watu wanene kwa wiki 10 halafu wakapima homoni zao za njaa mwaka mmoja baadaye, zilikuwa bado hazijarudi sawa, bado zinawasukuma kula. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake wakachapisha matokeo ya watu 14 waliowahi kushiriki shindano la kupungua kwenye televisheni ya Marekani, miaka sita baada ya shindano miili yao ilikuwa inachoma kalori kama 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao. Miaka sita mdogo wangu! Mtu anakula sawa na jirani yake wa uzito ule ule, jirani anabaki palepale yeye anaongezeka. Kalori 500 ni kama mlo mzima. Wewe umepigana na hicho kitu mara mbili, peke yako, bila silaha, na kila kilo iliporudi ukajihukumu.

Hilo la mama na mama zako wadogo nalo si laana. Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi una sehemu kubwa sana kwenye uzito, kati ya asilimia 40 na 70. Haina maana kwamba imeandikwa na hakuna la kufanya, maana yake ni kwamba wewe na yule dada mwembamba wa ofisini hamjaanzia mstari mmoja.

Kwa hiyo unene wa kiwango chako ni ugonjwa, wa kudumu, kama presha au kisukari, na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyouhesabu, zaidi ya watu bilioni moja duniani wanaishi nao. Ugonjwa wa kudumu unatibiwa kwa kudumu. Hilo ndo jibu la swali lako la mpaka nife, na najua si jibu tamu.

Tuje kwenye sindano zenyewe. Naelewa kwa nini watu wanaziogopa, dawa za kupunguza mwili zina historia mbaya, tusijifanye haipo. Fenfluramini iliondolewa sokoni 1997 baada ya kuonekana inaharibu vali za moyo, rimonabanti ikaondolewa Ulaya 2008 kwa sababu watu walipata sonona na mawazo ya kujiua, sibutramini ikafuata 2010 kwa ajili ya moyo na kiharusi. Nyingi za zile zilikuwa zinaenda kucheza na ubongo na moyo kwa namna ya kukoroga kila kitu. Madaktari wengi walisomea kipindi hicho na wakabaki na sentensi moja tu ya kumwambia mgonjwa, ile uliyoambiwa wewe. Simtetei aliyekwambia, kutokuwa na dawa hakukumzuia kuligusa goti.

Hizi mpya zimetoka njia nyingine. Utumbo wetu ukipata chakula unatoa homoni inaitwa GLP-1, inaiambia kongosho itoe insulini, inalichelewesha tumbo kumwaga chakula, na inaupa ubongo taarifa kwamba inatosha. Shida yake inaishi mwilini dakika mbili tu hivi. Mambo yalibadilika pale walipokuta kwenye mate ya mjusi mmoja wa jangwani mwenye sumu, Gila, kitu kinachofanana nayo ila kinachokaa zaidi, ndo ikatoka dawa ya kwanza ya kundi hili mwaka 2005, ya kisukari. Wakaendelea kuiboresha mpaka ikapatikana semaglutaidi inayokaa wiki nzima. Kwenye utafiti uliochapishwa 2021, watu 1,961 waligawanywa, wengine dawa wengine sindano tupu, wote wakapewa ushauri wa kula na mazoezi. Baada ya wiki 68 wa sindano tupu walipungua wastani wa asilimia 2.4, wa dawa asilimia 14.9. Mwaka uliofuata ikaja tirzepataidi ambayo inagusa homoni mbili, dozi ya juu kabisa ikapunguza karibu asilimia 21 kwa wiki 72. Kwa kilo zako 104 hiyo ni kati ya kilo 15 na 22, ila huo ni wastani, wapo wanaopungua zaidi na wapo ambao haiwashiki kabisa, na hao wa mwisho nao si wazembe.

Wanachoniambia wagonjwa waliotumia si kilo kwanza, ni ukimya. Mmoja aliniambia nesi, kelele za chakula zimezimika, sikujua kama watu wengine wanaishi hivi. Alilia akiniambia. Alikuwa amefikiri maisha yake yote kwamba wengine nao wanasikia zile kelele ila wana nguvu kuliko yeye.

Na faida si mwonekano tu. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na uzito mkubwa, wasio na kisukari, waliotumia semaglutaidi walipata shambulio la moyo, kiharusi au kifo cha moyo pungufu kwa asilimia 20. Hiyo ndo habari iliyowafanya hata madaktari wagumu wainue macho.

Sasa upande wa pili, na hapa mumeo ana nusu ya ukweli. Ukiacha, zinarudi. Walipowafuatilia watu wa ule utafiti wa semaglutaidi mwaka mmoja baada ya kusimamisha dawa, walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Anachokosea ni kudhani hilo linathibitisha dawa ni ya uongo. Presha ikipanda ulipoacha vidonge hakuna anayesema vidonge vilikuwa vya kuazima. Lakini ina maana usianze kitu ambacho mfuko wako unakibeba miezi minne tu, piga hesabu ya miaka kwanza. Hapa ndo naumia kusema, dawa hizi ni ghali, bima nyingi hazilipi, na wanaozihitaji zaidi ndo wa mwisho kuzipata. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kundi hili kwenye orodha ya dawa muhimu kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari, na Desemba likatoa mwongozo wa kwanza wa kuzitumia kutibu unene kwa watu wazima, kwa muda mrefu, isipokuwa wajawazito. Pia hataza, ile haki ya kiwanda kimoja kutengeneza dawa peke yake, zinaanza kuisha kwenye nchi kadhaa kwa hiyo viwanda vingine vitaingia. Mimi nasema hivi, dawa inayozuia shambulio la moyo kuwa kitu cha wenye nacho ni aibu ya dunia, na watu wakikosa mlango wa mbele wanapita dirishani wanaishia kwenye magrupu kama hilo lako.

Madhara yapo, wengi wanapata kichefuchefu, kutapika, kuharisha au choo kigumu, hasa dozi inapopanda. Mawe kwenye mfuko wa nyongo yanaweza kutokea, na mara chache kongosho kuvimba, ukisikia maumivu makali ya tumbo yanayopiga mpaka mgongoni hayaishi, hiyo ni kukimbia hospitali usisubiri kesho. Kama kwenye ukoo wenu kuna mtu aliwahi kuugua saratani ya tezi ya thairoidi ya aina ya medula, lazima daktari ajue kabla, maana dawa hizi hapewi mtu wa ukoo huo. Kingine, kilo zinazotoka si mafuta peke yake, misuli nayo inaondoka, kwa hiyo protini ya kutosha na mazoezi ya kubeba vitu vizito ni sehemu ya dozi, na kwa umri wetu huu misuli ikiondoka kuirudisha ni kazi.

Hilo la sindano ya miezi mitatu umelitaja kwa kupita lakini mimi limenisimamisha. Inajulikana kwamba inawaongezea uzito baadhi ya wanawake. Sikwambii uiache leo, utapata mimba hujajipanga na dawa hizi hazitumiki kwenye ujauzito kabisa, ukitaka kubeba semaglutaidi inaachwa angalau miezi miwili kabla. Nakwambia umuulize daktari kama kuna njia nyingine inayokufaa. Na wakikupa vidonge vya uzazi wa mpango halafu baadaye ukapewa tirzepataidi uwakumbushe, kwa sababu inaweza kupunguza nguvu ya vidonge hivyo, hasa unapoanza na dozi inapopanda. Wengine wanaosoma hapa pia muangalie dawa zenu, dawa za aina ya steroidi, insulini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na kifafa, zote zinaweza kuongeza kilo na mtu akalaumiwa yeye.

Halafu ule mkanda wa presha. Mkanda mdogo kwenye mkono mkubwa unadanganya, unasoma juu. Kuna utafiti wa 2023 uliopima watu wanaohitaji mkanda mkubwa kabisa kwa kutumia mkanda wa kawaida, namba ya juu ikapanda karibu 20 zaidi ya ukweli. Mkanda unaoachia mara tatu haukuwa wako, na kuushikilia kwa mkono si kupima. Mimi kama nesi nakuomba radhi kwa niaba ya kazi yangu. Inawezekana presha unayo kweli, inawezekana huna, saa hizi hakuna anayejua, ndo maana lazima upimwe upya kwa mkanda mpana. Useme kabla hajakufunga, naomba mkanda mkubwa. Ni haki yako kama mtu anavyoomba kiatu cha saizi yake.

Kuna na upasuaji, sijui kama kuna mtu amewahi kukutajia. Ukigawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita 1.62, halafu jibu ukaligawanya tena kwa 1.62, unapata 39.6, ile wanayoita BMI. Kile kipimo kina mapungufu, hakijui misuli na mafuta, hakijui mafuta yako kiunoni au mapajani, lakini ndo kinachotumika kufungua milango. Zamani ilikuwa lazima ufike 40, au 35 uwe na ugonjwa mwingine juu yake. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha, 35 peke yake inatosha kufikiriwa. Wanapunguza tumbo au wanaunganisha utumbo njia fupi, na homoni za njaa zenyewe zinabadilika, ndo maana haifanani na kujinyima. Wasweden walianza kuwafuatilia wagonjwa wa aina hii 1987 na baada ya miaka ikaonekana waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao ambao hawakupasuliwa. Lakini ni kisu, na vitamini na madini unakunywa maisha yote. Sikusukumi huko, nataka tu ujue mlango upo.

Na kama milango yote ni migumu kwa sasa, sikuachi hivyo. Mwaka 2002 Marekani walichapisha utafiti wa watu 3,234 waliokuwa wanaelekea kwenye kisukari, kundi lililolenga kupungua asilimia 7 tu na kutembea lilipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Asilimia 7 kwako ni kilo 7. Usilenge 74 tena, hiyo namba imekutesa inatosha. Kilo 5 mpaka 7 zinazokaa ni bora kuliko 22 zinazokuja na kurudi, presha inashuka, sukari inashuka, goti linasikia. Na kutembea kunafaa moyo hata mizani isiposogea.

Mdogo wangu, hapa naomba umpe mumeo simu asome. Shemeji, haya ni yako. Zile sauti unazorekodi, usizifute. Sikiliza tena moja ukiwa peke yako na uangalie kama kuna sehemu anakoroma, ananyamaza kabisa sekunde kadhaa, halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Ukiongeza kichwa kuuma asubuhi na kusinzia mchana, mimi nahisi mke wako anakatika pumzi usingizini, na hilo jambo linapandisha presha na kuuchosha moyo kila usiku. Linapimika na linatibika, kuna mashine ya kusukuma hewa, na Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepataidi kwa wanene wenye tatizo hilo. Kwa hiyo hizo rekodi si za kuchekea tena, ni kipimo, na wewe ndo mwenye nacho. Nenda naye kliniki, kaa naye ndani, daktari akisema funga mdomo wewe mchezeshe rekodi.

Mdogo wangu, tafuta kliniki nyingine, usirudi pale. Ukiingia usianze na unene, anza na goti, presha na usingizi, waombe wakupime sukari na thairoidi, halafu ndo useme nimepungua kilo 22 mara mbili zikarudi, nataka kujua matibabu yote yaliyopo, dawa na upasuaji. Iandike hiyo sentensi kwenye simu uisome kama sauti itakukwama. Ukipewa dawa, chukua famasi inayotambulika, na kalamu iliyofungwa na kiwanda.

Ukitoka huko niandikie, nataka kujua presha ilisoma ngapi kwenye mkanda mpana.

Dada Nesi